Shukrani kwa Tabibu wa Meno Aliyenihudumia Nikiwa Mjamzito

Natoa shukrani zangu za dhati kwako, tabibu wa kinywa na meno ambaye sikupata kukuuliza jina, kwa namna ulivyonihudumia nilipokuwa na ujauzito wa miezi mitano, fizi zikinivuja damu kila nilipopiga mswaki. Wengine walisema hiyo ni hali ya kawaida ya mimba. Wewe ulifafanua kwamba homoni huzifanya fizi zivimbe kwa urahisi, lakini chanzo chenyewe ni utando wa bakteria unaojishika kwenye mstari wa ufizi na hatimaye kuwa ukoga mgumu usioondolewa na mswaki. Uliukwangua bila haraka, ukanionyesha kwa kioo jinsi ya kuinamisha mswaki laini kuelekea ufizi, kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Zaidi ya yote, hukuniambia niepuke kusugua palipotoka damu, kama nilivyoshauriwa mtaani (ushauri unaozidisha tatizo), bali ulisisitiza pasafishwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa uvimbe wa hatua hiyo hupona kabisa, ilhali mfupa unaoshikilia jino ukishaliwa haurudi wenyewe. Damu ilikoma kabla sijajifungua. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema.