Redio ya Mfukoni Ikikwaruza Jimu, Anza na Waya wa Hedifoni

Mteja anaingia, anaweka redio ndogo ya mfukoni juu ya meza na kusema, "Fundi, hii nyumbani inaongea vizuri, nikifika jimu inakwaruza tu." Tunatia betri mpya, tunatafuta stesheni, sauti inatoka safi. Kesho yake anarudi na malalamiko yale yale. Yametufikia mara nyingi mno, na inatuuma kuona mtu anatupa redio nzima au ananunua nyingine ilhali haikuwa na ubovu wowote.

Nyingi kati ya redio hizi za bei nafuu hazina antena ya kuvuta. Antena yake ni waya wa hedifoni wenyewe. Ukichomoa hedifoni, umechomoa na antena.

Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, yana urefu wa mita 3 hivi, na waya unaofika robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 au zaidi kidogo, unayanasa vizuri. Waya wa kawaida wa hedifoni una kama mita moja, kwa hiyo ukining'inia umenyooka, unatosha. Sasa mtazame mtu anayejiandaa kukimbia kwenye mashine. Waya unamsumbua mikono, basi anaukunjakunja, anaufunga kwa mpira, kisha anaubana chini ya fulana. Hapo antena imekunjwa, tena imegandishwa kwenye mwili, na mwili una maji mengi yenye chumvi, humeza sehemu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye redio. Upitishe waya juu ya fulana, ushuke moja kwa moja kutoka shingoni hadi kiunoni, ubane mahali pamoja tu ili usirukeruke. Jaribu hilo kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Jengo nalo lina mchango wake. Kuta za zege zina nondo ndani, paa mara nyingi ni la bati, na ukumbi wenyewe umejaa vyuma. Mawimbi yanagonga huku yanarudi kule, yakikutana tena mahali pengine yanaongezana nguvu, pengine yanauana. Kutoka mahali yanaposikika vizuri hadi mahali yanapofifia panaweza kuwa chini ya mita moja. Ndiyo maana mashine hii inakunyima stesheni na ile ya jirani inakupa. Ukiweza, chagua iliyo karibu na dirisha.

Redio yako ikiwa na swichi ya stereo na mono, iweke mono. Stereo huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ili isikike bila mvumo, na mtu anayesikiliza mtangazaji akizungumza hapotezi chochote kwa kusikia sauti ile ile masikio yote mawili. Na kama ni ya gurudumu la kuzungusha, ujue mtikisiko wa kukimbia hulisogeza polepole mpaka stesheni inapotea. Kwa mazoezi ya kurukaruka, sisi tungekushauri ile inayoonyesha stesheni kwa namba kwenye kioo, yenye kitufe cha kuifunga isihame.

Mpenzi wa AM ana kazi ngumu zaidi, na hatupendi kumdanganya. Mashine ya kukimbilia ina mota, na saketi inayoiongoza huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, ikitoa kelele ambayo redio ya AM inaisikia kama sauti. AM hubeba sauti kwa kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, basi kila kelele ya umeme inaingia humo humo. FM hubeba sauti kwa kubadilisha masafa, hivyo kelele hiyo haiisumbui sana, na ndiyo hasa faida aliyoitafuta Edwin Armstrong, Mmarekani aliyepata hataza zake za FM mwaka 1933. Kwa AM antena imo ndani, ni fito nyeusi iliyozungushiwa waya mwembamba, na husikia vizuri ubavuni, si nchani. Kwa hiyo igeuze redio taratibu hadi kelele ipungue. Ikishindikana, sogea upande wa vyuma vya kunyanyua, mbali na mota, kwa muda wa mechi unayoisikiliza.

Kuna jimu zenye televisheni zilizozimwa sauti, ambazo kila moja hurusha sauti yake kwa FM kupitia kisambazaji kidogo kilichomo humo humo ukumbini. Ukiona namba ya masafa imebandikwa chini ya skrini, itumie. Hapo redio ndogo kabisa hufanya kazi vizuri ajabu.

Sasa ubovu wa kweli, ule unaotupa kazi: jasho. Linateremka kwenye waya hadi kwenye tundu la hedifoni, chumvi inabaki, chuma kinaanza kuota kutu. Dalili yake ni sikio moja kunyamaza, au sauti kurudi ukiuzungusha mchomeko. Jaribu kwanza hedifoni nyingine, kwa sababu mara nyingi waya ndio umekatika ndani, karibu na mchomeko, na redio ni nzima. Tatizo likibaki, tundu lina uchafu au risasi ya kulehemu imeachia kwenye bodi ya saketi kwa kuvutwavutwa. Kusafisha na kulehemu upya ni kazi ndogo. Redio ikilowa kabisa, itoe betri mara moja, usiiwashe "kujaribu," iache ikauke penye hewa. Kuifukia kwenye mchele hakuiondolei chumvi. Mkanda wa mkononi ndio unaoilowesha zaidi, maana unaibana kwenye ngozi inayotoka jasho. Mkoba mdogo wa kiunoni, juu ya nguo, ni bora.

Ukipumzika mazoezi kwa wiki kadhaa, toa betri. Betri za alkalini zikivuja huacha unga mweupe unaokula chuma. Unga huo usiushike kwa mikono mitupu. Ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha pakaushe vizuri.

Tunakuomba pia uyaangalie masikio yako. Muziki wa ukumbini ukiwa juu, mtu hupandisha redio ili iushinde. Shirika la Afya Duniani linataja kikomo cha usalama cha saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, lakini kwa desibeli 90 ni saa 4 tu. Hedifoni zenye mpira laini unaoziba sikio huzuia kelele za nje, nawe unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini. Masikio hatuna vipuri vyake.

Baada ya yote hayo, redio ikiendelea kukwaruza, tuletee. Njoo na hedifoni zile zile unazotumia jimu, hata kama ni kuukuu, maana bila hizo tutakuwa tunaipima redio isiyo na antena yake.