Barua kwa Zuhura, kuhusu shilingi kumi za korosho

Mombasa,
Jumapili, 16 Februari 2025

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na watoto na Bwana Athmani. Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi limetukaba na maji ya mfereji huja yanapojitakia. Najua sijakuandikia tangu Idi Kubwa, na najua pia kwamba ungependa kunigombeza kabla ya kusikia lolote. Nigombeze utakapojibu, kwa sababu leo nimekaa kuandika juu ya jambo moja tu, na nikianza kujitetea nitalikwepa.

Jambo lenyewe ni shilingi 2,140.

Usicheke kwanza. Unajua kwamba tangu Baba atutoke lile shamba la Kikoneni limebaki mikononi mwangu, kwa kuwa Swaleh yuko Doha na Mwanaisha hataki hata kusikia harufu ya samadi. Kila Ijumaa, nikishatuma habari ya mwisho gazetini, huvuka feri na kupanda matatu ya Lunga Lunga, nikashuka njia panda na kumaliza safari kwa bodaboda, nikiwa na kompyuta ndani ya kikapu kimoja na dawa ya kuku. Jumatatu alfajiri hurudi mjini na tope kwenye viatu, na pale ofisini wameshaniita Waziri wa Kilimo mpaka mlinzi wa getini naye ameanza. Mimi huona fahari zaidi ya ninavyoona haya, na hilo nakuambia wewe tu.

Unakumbuka Agosti iliyopita, Benki Kuu ilipopunguza riba yake kutoka asilimia 13 hadi 12.75? Ulinipigia simu kunipongeza kwamba habari yangu ilitoka mapema na imetulia. Sikukuambia nilikoiandikia. Nilikuwa shambani tangu kabla ya jua, nikiwasimamia vijana wanaopuliza salfa, kwa sababu mikorosho ilikuwa imetoa maua na ule ugonjwa wa unga mweupe hausubiri Kamati ya Sera ya Fedha imalize kikao chake. Taarifa ilipotoka nilikimbilia chini ya ule mwembe ambapo simu hushika mtandao, nikaandika aya sita kwa kidole gumba kinachonuka salfa, na Mzee Ruwa amesimama pembeni akiniuliza kama robo hiyo ya asilimia itafika Kikoneni. Nilimwambia itachukua muda. Juzi tarehe 5 walipoishusha tena hadi 10.75 nilikuwa ofisini, nimevaa vizuri, kama mwanamke mwenye heshima zake, lakini swali la Mzee Ruwa lilikuwa bado kichwani na sikuwa na jibu jipya la kumpa.

Basi turudi kwenye zile shilingi. Mwezi uliopita tuliuza korosho. Mikorosho ya Baba ni arobaini, mingi yake mizee, na mwaka huu ilitupa kilo 214 baada ya nyani kuchukua fungu lao, ambalo hawakulipima. Mnunuzi ni yule kijana anayepita nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza. Bi Mwanatumu, jirani yetu wa upande wa kisima, aliuza asubuhi kwa shilingi 50 kwa kilo. Mimi niliuza adhuhuri ya siku hiyo hiyo, korosho za udongo ule ule, zilizoanikwa kwenye jua lile lile, kwa shilingi 60. Nilidhani amenipa kwa sababu zangu zimekauka vizuri, na nilikuwa nimeshaanza kujisifu moyoni, mpaka alipomaliza kuhesabu noti akasema kwa upole kabisa, “Si wewe ndiye yule dada wa gazeti? Basi na wewe utatukumbuka.”

Nikazipokea. Hapo ndipo ninapokwama kila usiku, Zuhura. Sikusema “nikukumbukeni kwa lipi?”, wala sikusema “nipe bei ya Mwanatumu.” Nilisema ahsante, nikazikunja noti, na Jumatatu nikawalipa vibarua wa palizi kwa fedha hizo hizo. Ziada ya shilingi kumi kwa kilo 214 ndiyo hiyo 2,140, fedha ambayo haitoshi hata chakula cha mchana cha wakubwa wanaotualika hotelini kuzindua ripoti zao, na tangu hapo nimekuwa nikiizunguka kama kuku anayezunguka nyoka.

Ungekuwa karibu ungeniambia kwamba korosho si hisa. Nimeshajiambia hivyo. Nilikwenda hata kusoma tena kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, kile kifungu cha uandishi wa habari za fedha, ambacho kinatuzuia kutumia kwa faida yetu habari tulizozipata mapema, na kinatutaka tumwambie mhariri kabla ya kuandika juu ya hisa au dhamana ambazo sisi au jamaa zetu wa karibu tuna maslahi makubwa ndani yake. Aliyekiandika alimwona mbele yake mtu wa Nairobi mwenye akaunti ya hisa. Hakumwona mwanamke aliyekaa juu ya gunia huko Kikoneni. Lakini maana ya kifungu inanifikia hata kama neno korosho halimo, na wewe ndiwe uliyezoea kuniambia kwamba anayetafuta mwanya katika maneno ameshajua kosa lake liko wapi.

Wala haliishii hapo, maana kuna makala ya Novemba. Msimu ulipoanza niliandika kwamba bei ya korosho Pwani imeimarika, na bei niliyoitaja niliipata kwa kuwapigia simu wanunuzi wawili wakubwa hapa mjini. Sikumpigia mkulima hata mmoja, mimi ambaye wakulima ni majirani zangu! Bi Mwanatumu alisomewa gazeti na mjukuu wake, na nilipofika Ijumaa akanikaribisha chai, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema, “Mwanangu, ile bei uliyoiandika, hununua nani?” Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli, ili ampelekee huyo mtu korosho zake.

Nafikiri nimeharibiwa na chai. Miaka yote hii kila wiki naandika juu ya mnada wetu wa chai hapa Mombasa, na mnada ule, kwa lawama zake zote, una adabu: shehena imo katika orodha, ina namba, waonjaji wameshaionja, na bei hutajwa kwa dola kwa kilo, ikajulikana kwa aliyenunua na kwa aliyekosa. Hata baada ya kuhamishwa kutoka ule ukumbi wa Nyerere Avenue na kuingizwa kwenye kompyuta, mwandishi bado ana karatasi ya kushika. Nikazoea kuamini kwamba bei ni kitu kinachotangazwa mahali fulani, na kazi yangu ni kwenda kukichukua. Chini ya mkorosho hakuna orodha. Kuna kijana, mizani yake, na kilo moja anayoikata kwa kila gunia, gunia lenyewe la plastiki ambalo likiwa tupu halifiki hata robo ya kilo. Nimelipima mwenyewe. Tangu mwaka 2009 korosho ghafi haziruhusiwi kuuzwa nje, ili zibanguliwe humu nchini, na nia hiyo siipingi, lakini mwenye wanunuzi wachache mlangoni hachagui, na hilo sijaliandika hata mara moja pamoja na kwamba naliona kila msimu.

Kwa hiyo nilijitia ushujaa. Wiki iliyopita nilimpendekezea mhariri makala ndefu juu ya safari ya korosho kutoka mtini mpaka dukani: nani anapata nini, na ile kilo ya gunia inakwenda wapi. Akafurahi mno. Akanipa ukurasa mzima wa Alhamisi hii, na akasema, “Nani mwingine ataiandika kama si wewe mwenye shamba?” Nikacheka naye. Sikumwambia kitu kuhusu shilingi kumi. Sasa kila nikikaa kuandika, naona kwamba habari iliyo kali kuliko zote katika makala hiyo ni kwamba mnunuzi alimwongezea bei mwandishi, na mwandishi ni mimi. Nikiitoa, nitakuwa nimeandika makala safi yenye tundu katikati. Nikiitia... hebu fikiria sura ya Bi Mwanatumu akisomewa na mjukuu wake.

Kurudisha nako nimekufikiria. Nikimrudishia kijana, ataona nimetangaza vita, na mwakani hatanunua kwangu wala kwa majirani zangu, maana atasema mtaa ule una watu wa magazeti. Nikimpa Bi Mwanatumu, nitampa kwa jina gani? Si zake, na yeye si mtu wa kupewa sadaka na mtoto aliyemwona akitambaa. Baba Fatuma ananiambia nizile kimya kimya na niache kujitesa, kisha ananiuliza kwa nini shamba linalokula mshahara wangu lisiachwe kabisa. Hapo ana hoja, kwa sababu nimepiga hesabu za mwaka mzima, na kama lingekuwa kampuni ningewashauri wasomaji wasiliguse. Lakini sikumjibu, kwani najua kwamba bila ya shamba lile ningekuwa bado naandika bei ninazopewa kwa simu, na nisingejua hata uzito wa gunia tupu. Ajabu ni kwamba kitu kile kile kinachonifanya nijue ninachokiandika ndicho kinachonifunga mikono nisikiandike. Sijui kama nimelieleza vizuri. Tuliache.

Sasa nisaidie, wewe uliyekaa kwenye kiti cha mhariri ukajua upande ule wa meza. Je, ungekuwa wewe, ungependa mwandishi aje akuambie habari ya shilingi 2,140, au ungemwona anakupotezea wakati? Nikimwambia, atanipokonya makala ampe yule kijana wa michezo ambaye hajui mkorosho na mwembe? Naweza kuyataja mambo yote ndani ya makala yenyewe, kwa nafsi ya kwanza, bila ya kuonekana najitafutia sifa za uaminifu? Au makala hii uiandike wewe kwa jina lako, nami niwe mmoja wa wakulima unaowahoji, na unipige maswali bila huruma? Una nafasi ya kushuka na treni kabla ya Ramadhani, tukavunja jungu pamoja shambani, ukamsikiliza Bi Mwanatumu kwa masikio yako? Na wewe mwenyewe, yale mahindi yako ya Kajiado yaliishia wapi, au mlishauza uwanja mkanificha?

Nijibu kabla ya Jumatano jioni tafadhali, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, maana ukurasa unafungwa Jumatano usiku na mpaka sasa nimeandika kichwa cha habari tu.

Wasalimie wote. Mwambie Bwana Athmani kwamba deni lake la halua sijalisahau.

Nduguyo akupendaye,
Mwanamisi

Nyongeza: Dereva wa Mwalimu Hamisi atakuletea kilo mbili za korosho nilizozikaanga mwenyewe. Watoto walitaka nikutilie na mabibo humo ndani, nikawaambia yangekuwa uji kabla ya kufika Mariakani.