Mjomba naye ahesabiwe

Mhariri,

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu hapa Rungwe. Siku ya tatu ya msiba tulikuwa tumekaa chini ya turubai, mvua ya Tukuyu ikinyesha bila kupumzika, baba mdogo akasema kwa sauti ya chini: "Wanaume wa nyumba hii wanaondoka kwa mkojo." Wazee wakanyamaza. Kisha mmoja akagusia laana, mwingine akakumbushia ugomvi wa mpaka wa shamba wa zamani za babu. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 31, na ulimi uliniwasha, lakini msibani mtu hafundishi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Alichosema baba mdogo ni taarifa ya kitabibu, tena nzito kuliko vipimo vingi ambavyo kaka alifanyiwa. Bahati mbaya ilisemwa msibani badala ya kusemwa kwa daktari miaka mitano nyuma.

Kaka alikufa kwa saratani ya tezi dume. Baba mkubwa, tunasema nyumbani, alikufa kwa mkojo. Babu alikufa kwa mgongo. Mjomba wetu wa Kyela, ndugu wa mama, naye ni mgongo: kilianza kiuno, miguu ikafa ganzi, akalala kitandani hadi mwisho. Siwezi kuapa kwamba wote hao waliugua kitu kimoja, kwa sababu ni kaka peke yake aliyechukuliwa kinyama kikapimwa. Lakini najua kwamba saratani hii ikishatoka kwenye tezi hukimbilia mifupa, na uti wa mgongo ndiyo kituo chake kikubwa. Sisi huku mzee akilalamika kiuno tunamchua kwa mafuta na kusema ni jembe la ujanani. Akifa, tunaandika mgongo. Ukoo unaweza kupoteza wanaume wanne kwa ugonjwa mmoja na ukaamini kwamba umepigwa na magonjwa manne.

Kaka alipoanza kuamka mara tano kwa usiku kwenda haja ndogo, alikwenda kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Alipewa dawa za UTI. Akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu vilevile. Katika safari zote hizo hakuna aliyemuuliza: baba yako aliugua nini, kaka zako je, wajomba zako je? Swali hilo halihitaji umeme wala mashine wala bima. Kipimo cha damu cha PSA, kinachopima protini inayotoka kwenye tezi dume, alikuja kukifanya baada ya zaidi ya mwaka, na wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye nyonga.

Nieleze kwa nini swali hilo lina uzito. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa mapacha wa Denmark, Ufini, Norwe na Uswidi. Watafiti walilinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana, wakaona kwamba katika saratani ya tezi dume asilimia 57 hivi ya tofauti ya hatari kati ya mtu na mtu inatokana na urithi. Hiyo haina maana kwamba wagonjwa 57 katika kila 100 wamerithi ugonjwa wenyewe. Maana yake ni kwamba ukiuliza kwa nini fulani yuko hatarini kuliko mwenzake, zaidi ya nusu ya jibu iko kwenye vinasaba. Kati ya saratani zinazojulikana sana, chache mno zinafika hapo. Na mwanaume ambaye baba yake au kaka yake aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine.

Urithi huo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni jeni moja yenye kasoro kubwa, ambayo ni nadra. BRCA2 ni mfano: kazi yake ni kurekebisha vinasaba vinapokatika ndani ya seli, na ikiharibika, makosa hulundikana. Wanaume wenye kasoro hiyo hupata saratani kali zaidi ya tezi dume. Wanawake wenye kasoro hiyohiyo hupata saratani ya matiti na ya ovari. Hapa ndipo ninapoomba wasomaji wa Nyanda za Juu wanisikilize vizuri, kwa sababu sisi tunahesabu ukoo kwa baba. Mnyakyusa, Mhehe, Mbena, Mkinga, tukiulizwa ukoo wetu tunaanza na babu mzaa baba. Lakini jeni haijui mahari imelipwa wapi. Mama hana tezi dume, kwa hiyo anaweza kubeba kasoro hiyo maisha yake yote bila kuugua saratani hii, kisha akampa mwanawe. Anayeionyesha ni mjomba, au mama mdogo aliyekatwa titi. Mtu akijibu kuhusu upande wa baba tu, ameacha nusu ya historia yake nje ya mlango.

Njia ya pili ni ya alama ndogondogo nyingi kwenye vinasaba, kila moja ikiongeza au kupunguza hatari kidogo sana, kama matone yanayojaza ndoo. Mwaka 2021 alama zilizojulikana zilifika 269. Mwaka 2023 zikawa 451. Walipozijumlisha mwaka 2021, watafiti waliona kwamba kwa wastani hatari ya kurithi ya wanaume wenye asili ya Afrika ilikuwa mara 2.18 ya wale wenye asili ya Ulaya, na ya wenye asili ya Asia Mashariki ilikuwa chini, kama robo tatu tu. Wastani huo hauna maana kwamba kila mwanaume mweusi anazidi kila Mzungu.

Sasa, Mhariri, hao "wenye asili ya Afrika" ni akina nani? Wengi wao ni Wamarekani weusi, ambao mababu zao walichukuliwa hasa kutoka Afrika Magharibi na ya kati. Na hata hao walikuwa wachache mbele ya maelfu kwa maelfu ya Wazungu waliopimwa. Wakati huohuo, Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, maana ndiko binadamu walikoanzia. Msandawe wa Dodoma na Mnyakyusa wa Rungwe wanafanana rangi, lakini vinasaba vyao vimepita njia mbalimbali kwa maelfu ya miaka. Kusema "Waafrika" kama vile ni kabila moja ni kosa ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ningemrudishia daftari.

Kuna mfano wa karibu. Kwenye kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, kuna eneo ambalo tangu mwaka 2006 linajulikana kuhusiana na saratani hii, na ndani yake kuna alama ambayo karibu haipo kabisa kwa watu wasio na asili ya Afrika. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuiona ikiongeza hatari kwa wanaume wa Uganda pia. Uganda ni jirani, lakini Uganda siyo Mbeya. Alama hiyo ipo Mbozi au Kilolo kwa kiasi gani, itajulikana siku wanaume wa Mbozi na Kilolo watakapopimwa. Hapa Mbeya tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho kwa miaka mingi kimefanya tafiti za Ukimwi na kifua kikuu na wananchi wetu wametoa damu zao kwa moyo. Naomba tezi dume nayo ipewe nafasi hiyo. Kipimo cha hatari kilichotengenezwa kwa damu ya Wazungu hakiwezi kuletwa huku kama kilivyo, kikatuambia nani ahofie na nani alale usingizi.

Nawajibu pia wale wanaosema, kama ni la kurithi basi hakuna la kufanya. Marekani, mwaka 2019, walifuatilia wanaume weusi na weupe waliotibiwa katika mfumo wa hospitali za wanajeshi wa zamani na katika majaribio ya tiba, ambako wagonjwa hupata huduma zinazokaribiana. Wagonjwa weusi hawakufa zaidi kwa saratani hii kuliko weupe. Vinasaba vinaweza kukuongezea nafasi ya kuugua. Kuchelewa kugundulika na kukosa matibabu ni jambo jingine, na hilo liko mikononi mwetu.

Nami nimeanza na daftari la kurasa 96. Upande wa kushoto naandika wa baba, kulia wa mama: jina, umri alipougua, ilianzaje, nani alimuuguza. Kwa mashangazi na mama wadogo naandika pia, hasa matiti. Kazi ni ngumu kwa sababu wazee wanaona haya kutaja sehemu hizo, na wengine hawataki kutaja marehemu kwa ugonjwa. Ninawaendea mmoja mmoja, jioni, tukiwa wawili.

Mpwa wangu wa Makambako ana miaka 46. Baba yake ni mzima wa afya, analima mahindi mpaka leo, hivyo angeulizwa angesema kwao hakuna ugonjwa huo. Lakini aliyezikwa mwezi uliopita ni mjomba wake. Jumatatu anakuja Mbeya kupima, na karatasi yenye majina ya upande wa mama yake nimeshamtumia kwa dereva wa Coaster.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe