Risala ya Kamati ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi katika Hafla ya Kuchangisha Fedha za Vitabu vya Nukta Nundu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mapema ukapata nafasi ya kupita maktaba kabla ya kuketi hapa. Kule umeiona rafu ya chini kabisa, yenye majalada makubwa ya karatasi nene. Hiyo ni rafu ya wenzetu 14 wasioona, na hiyo ndiyo iliyotufanya tukuite leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila herufi ya nukta nundu huundwa kwa nukta zisizozidi 6 zilizoinuka juu ya karatasi, na kila kidole kinachopita juu yake huzilaza kidogo. Siku moja tulikaa na mwenzetu akitusomea kitabu cha sayansi. Alikuwa akisoma kwa kasi, kisha akasita, akarudisha kidole mara tatu mahali pale pale, akasema, "Hapa pamekufa." Sisi tuliokuwa tukiutazama ukurasa ule hatukuona kasoro yoyote. Jioni hiyo hiyo tuliamua kuchangisha fedha za kununua vitabu vipya, ingawa kati ya wajumbe 9 wa kamati hii hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuandaa hafla ya namna hii.

Tulianza vibaya. Katika kikao cha kwanza tulizungumzia ukumbi wa kukodi, mapambo na kikundi cha muziki, mpaka mweka hazina wetu alipochora safu mbili ubaoni, ya mapato na ya matumizi, akatuonyesha kwamba hata tiketi zote zikinunuliwa, zaidi ya nusu ya fedha ingeishia kwenye gharama za siku yenyewe. Tuliona haya. Mtu anayetoa fedha yake akijua inakwenda kununua kitabu hastahili kulipia vitambaa vya mezani. Ndiyo maana leo tumo katika bwalo la shule yetu, wanaoimba ni kwaya yetu, na uchapishaji wa tiketi umelipiwa na wadhamini ambao tuliwaendea mapema, kabla hatujauza tiketi hata moja.

Jambo la pili lililotuchukulia muda ni vibali. Mwalimu mlezi wetu alitusimulia habari za tamasha la tarehe 1 Agosti 1971 jijini New York, ambalo wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar waliliandaa kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Fedha za viingilio zilifikishwa UNICEF bila kuchelewa, lakini sehemu kubwa ya mapato ya santuri na filamu ilikwama kwa miaka mingi katika masuala ya kodi, kwa kuwa taratibu za msamaha wa kodi hazikukamilishwa mapema. Ikiwa watu wenye majina makubwa kiasi hicho walikwama, sisi tungepona vipi? Tuliomba kibali kwa maandishi kabla ya kutangaza tarehe, na tulipoelezwa kwamba bahati nasibu inahitaji leseni yake peke yake, tuliiondoa katika ratiba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lililotufunza kuliko yote ni bango la tangazo. La kwanza lilikuwa na picha ya mwenzetu mmoja ameinamisha kichwa, na chini yake maneno ya kuomba huruma. Tulipomsomea, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye anaongoza darasa lake katika hisabati na asingependa wazazi wa wenzake wamfahamu kwa huzuni ambayo hana. Tuliyachana mabango yote. Bango lililokuleta hapa lina picha ya ukurasa wa nukta nundu na orodha ya vitabu tunavyovihitaji, na tangu siku ile wawili kati ya wenzetu wasioona ni wajumbe kamili wa kamati. Tulipaswa kuwashirikisha tangu kikao cha kwanza, na tunawaomba radhi mbele yako.

Kuhusu fedha zitakazopatikana leo, kila mchango utaandikiwa stakabadhi yenye namba, masanduku yatafunguliwa na watu wawili kwa pamoja, na hesabu itafanyika hapa hapa kabla ya wageni kuondoka. Ahadi zitaandikwa katika daftari lake na hazitahesabiwa kuwa fedha mpaka zilipwe, kwa sababu kitabu hakiagizwi kwa ahadi. Akaunti ina watia saini watatu, miongoni mwao mzazi mmoja, na hakuna anayeweza kutoa fedha peke yake.

Tuna maombi matatu kwako. Tunaomba utuongoze katika changizo hili. Tunaomba pia utusaidie kupata mashine ya pili ya kuandikia nukta nundu. La tatu, ambalo tunalisisitiza kuliko yote, ni kwamba urudi baada ya miezi mitatu, au umtume mhasibu unayemwamini, ili tukusomee hesabu ya kila kilichoingia na kila kilichotoka, na uvishike vitabu vyenyewe kwa mikono yako.

Ratiba iliyo mbele yako imeandikwa kwa wino upande mmoja na kwa nukta nundu upande wa pili. Upande huo wa pili umeandikwa na mwenzetu usiku wa jana kwa mashine pekee tuliyo nayo, ambayo kitufe kimoja kati ya 6 hukwama, kwa hiyo mistari mingine ameiandika mara mbili. Tunakuomba uipitishie kidole kabla hujasimama kuzungumza nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.