Barua ya wazi kwa wanangu Wayahudi mnaomaliza chuo Marekani

Wanangu mlioondoka Mbale, Nairobi na Nyandarua, nanyi mliozaliwa huko huko kwa wazazi wa kwetu, shalom aleikhem.

Mwaka wa mwisho kila mtu ana swali moja kwenu. Rabi wa chuo anauliza, mama anauliza kwenye simu, hata mwenzako wa chumbani ambaye tayari ana barua ya ajira anauliza: baada ya mahafali utafanya nini? Swali hilo likibaki zima halijibiki. Mimi naanza na kipande chake kimoja tu. Ijumaa ya kwanza ya Juni, jua likizama, utakuwa umekaa kwenye meza ya nani?

Sabato ya chuo ilipikwa na mtu mwingine. Hillel, jumuiya ya wanafunzi Wayahudi, ipo vyuoni tangu 1923, ilipoanzia Chuo Kikuu cha Illinois, na vyuo vingi vina nyumba ya Chabad, harakati ya marabi wanaowakaribisha Wayahudi wote, hatua chache kutoka madarasani. Unaingia mikono mitupu, unakuta divai, hala mbili, ile mikate ya Sabato, zimefunikwa, na watu kumi wa sala wametimia bila wewe kupiga simu. Juni hayo yote yanabaki chuoni. Wengi wanaoiacha Sabato mwaka ule wa kwanza wa kazi hawakuamua kuiacha. Walikula peke yao Ijumaa tatu mfululizo, ya nne wakafungua kompyuta.

Kwa hiyo nawasihi, chagueni mtaa kabla ya cheo. Ukiwa na nafasi mbili za kazi zinazokaribiana mshahara, chukua iliyo karibu na sinagogi unayoweza kuifikia kwa miguu. Kilomita moja na nusu ni kama dakika ishirini za kutembea. Mwezi wa Januari, barafu ikiwa barabarani, hiyo ndiyo mwisho wa uvumilivu wa watu wengi. Ulizeni pia kama mtaa una eruvu, ule uzio wa nguzo na nyaya unaoruhusu kubeba vitu siku ya Sabato. Usipokuwepo, funguo na kitabu cha sala vinakuwa tatizo la kila juma. Ukiwepo, jifunze kuangalia kila Alhamisi au Ijumaa kama umekaguliwa na uko salama, maana dhoruba hukata nyaya.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kusaini mkataba wa nyumba kwa kuangalia picha. Nyumba ni nafuu, iko kilomita sita. Juma la kwanza unatembea, la pili mvua inanyesha, la tatu unalala. Mwandikieni rabi wa mtaa juma mbili kabla, mwombe akutafutie familia ya kukulaza Sabato moja, ndipo usaini. Ombi hilo ni la kawaida kabisa kwao, msione haya.

Sasa kalenda, kwa ninyi mnaomaliza Mei 2027. Muhula wa kwanza umewahurumia. Rosh Hashana, mwaka wetu mpya, inaangukia Jumamosi na Jumapili, 12 na 13 Septemba 2026. Siku mbili za kwanza za Sikukuu ya Vibanda nazo ni Jumamosi na Jumapili, 26 na 27 Septemba, na siku mbili za kuifunga, 3 na 4 Oktoba, ni vilevile. Siku ya masomo mtakayoikosa nzima ni moja tu, Jumatatu 21 Septemba, Siku ya Upatanisho. Septemba ndiyo vyuo vingi huita waajiri, basi nendeni kwenye maonyesho yao ya kazi mkiwa na nguvu. Kazi ngumu ya kutafuta ifanyeni muhula huu, maana wa pili hauna huruma hiyo.

Pasaka yetu inaingia jioni ya Jumatano 21 Aprili 2027. Alhamisi na Ijumaa ni siku kuu, kisha Sabato inafuata bila pengo, kwa hiyo hakuna kompyuta tangu Jumatano jua linapozama hadi Jumamosi usiku. Inafungwa Jumatano na Alhamisi, 28 na 29 Aprili. Hizo ni siku tano ndani ya juma moja na ushei, wakati ule ule wa kukabidhi tasnifu na kujiandaa na mitihani ya mwisho. Mara tu mkipewa ratiba za kozi mwezi Januari, ziwekeni kando ya kalenda ya Kiyahudi na mwandikieni kila mhadhiri ndani ya juma mbili za mwanzo. Taja saa. Kalenda za ofisini huandika kwamba Pasaka inaanza tarehe 22, na mhadhiri mwenye nia njema kabisa anaweza kupanga mtihani jioni ya 21, asijue kwamba siku yetu huanza jua likizama. Kazi inayofungwa Ijumaa saa 5:59 usiku iwasilishwe Alhamisi. Mtandao ukikwama Ijumaa alasiri, hakuna wa kukuokoa.

Wenye viza ya mwanafunzi, someni hapa mara mbili. Kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, OPT, kinaombwa kwa fomu I-765. Kwa taratibu za sasa dirisha linafunguka siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu na kufungwa siku 60 baada yake. Kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni inakupa I-20 mpya, ile hati ya chuo inayobeba viza yako, yenye pendekezo la OPT. Tangu pendekezo hilo liingizwe kwenye mfumo una siku 30 za kuhakikisha ombi limefika uhamiaji, na wengi hunaswa hapo: wanachukua I-20 mapema, wanaiweka droo, siku 30 zinapita. Kosa la pili ni tarehe ya kuanza. Mtu anachagua siku ya pili baada ya mahafali ilhali hana kazi, na kuanzia tarehe hiyo kila siku isiyo na ajira inahesabiwa. Zikizidi 90 kwa jumla, umevunja masharti. Kama kazi haijapatikana, chagua tarehe ya mbali zaidi ndani ya zile siku 60. Kazi ya kujitolea katika fani yako, angalau saa 20 kwa juma, inaweza kusimamisha hesabu hiyo mradi sheria za kazi zinairuhusu bila malipo. Pateni barua ya anayewasimamia. Waliosoma sayansi, uhandisi au hesabu wanaweza kuongeza miezi 24, lakini mwajiri awe amejiandikisha E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kufanya kazi, basi ulizeni kabla ya kukubali kazi. Taratibu hizi hubadilishwa, kwa hiyo soma maelekezo ya fomu siku ile ile unayoijaza.

Sabato na mwajiri ni jambo linalowanyima watu usingizi bure. Kwenye maombi ya kazi usiliseme. Ukipangiwa usaili wakati usiowezekana, sema tu kwamba Ijumaa baada ya saa nane mchana na Jumamosi huna nafasi, na utoe nyakati tatu nyingine. Ukishapewa kazi, kabla ya kusaini, andika barua pepe fupi: naadhimisha Sabato, kuanzia Novemba mwanzoni hadi Januari mwishoni nahitaji kuondoka mapema Ijumaa, saa hizo nitazifidia Jumapili au kwa kuwahi asubuhi. Uwe na hesabu mkononi. Nyumbani Mbale jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Boston mwanzoni mwa Desemba mishumaa inawashwa kabla ya saa kumi jioni, na Ijumaa ambazo jua linazama kabla ya saa kumi na moja ni kama 13. Mwajiri akisikia 13 hutulia, akisikia "kila Ijumaa" huogopa.

Sheria nayo iko upande wenu. Mwaka 2023, katika kesi ya Groff dhidi ya DeJoy, ya mfanyakazi wa posta aliyekataa zamu za Jumapili kwa ajili ya dini yake, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema usumbufu mdogo si sababu ya kumkatalia mtu. Mwajiri aonyeshe mzigo mkubwa kwa biashara yake. Inawahusu waajiri wenye watu 15 au zaidi. Msianze na sheria hiyo, anzeni na pendekezo lenu, lakini ijueni.

Kwenye wasifu, msiufiche utumishi wenu wa Hillel. Najua kuna wanaoufuta tangu hali ya vyuo ichafuke kwa vita vya Gaza mwishoni mwa 2023, na siwalaumu. Ila mtu aliyeongoza jiko la watu 60 kila Ijumaa kwa bajeti aliyoisimamia mwenyewe ana ujuzi, na mwajiri anayeudharau kwa sababu ya jina la Kiyahudi ni heri umjue mapema.

Wenye mikopo ya serikali, mingi ina miezi sita kabla ya malipo kuanza, lakini riba ya mingine inaendelea kupanda kimya kimya. Bima ya chuo ulizeni inaisha tarehe gani hasa. Aliye kwenye bima ya mzazi kule anaweza kubaki hadi miaka 26. Na nyumbani tukiomba pesa, tajeni kiasi mnachokiweza baada ya mshahara wa tatu, si wa kwanza. Wa kwanza utamezwa na amana ya nyumba.

Mnaofikiria kuhamia Israel na mmetoka Mbale, tunzeni nakala zilizothibitishwa za vyeti vya kuongoka vya familia. Shirika la Kiyahudi (Jewish Agency), linaloshughulikia wahamiaji wa Israel, liliitambua jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, mwaka 2016, lakini wizara ya mambo ya ndani ya Israel imewahi kukataa maombi yao. Usiuze kitu wala kukata tiketi kabla ya jibu la maandishi.

Narudi mezani. Kwa kuwa hatuchanganyi nyama na maziwa, jiko la kwanza liwe la maziwa na mboga tu: sufuria mbili, kisu, ubao wa kukatia, sifongo yako, na rafu yako jikoni iliyowekewa utepe wa bluu ili mwenzako wa nyumba asichanganye. Vyombo vya nyama vinunuliwe baadaye. Samaki wa kuliwa mnamjua: sato ana mapezi na magamba, kambare hana magamba, basi haliwi.

Chakula cha mchana wa Sabato kinachowafaa ni githeri, kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo. Loweka nusu kilo ya maharage mekundu usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, kisha uyachemshe kwa nguvu jikoni angalau dakika kumi. Hatua hii msiiruke. Moto mdogo peke yake hauiui sumu iliyo ndani ya maharage hayo, na wageni wataumwa tumbo usiku huo huo. Endelea kuyachemsha hadi yakaribie kuiva, ongeza mahindi, viazi na vitunguu, hamishia kwenye sufuria ya umeme, na maji yapite chakula vidole viwili. Yote hayo kabla ya jua kuzama, kwa kuwa baada ya hapo hukorogi wala huongezi maji. Kinatosha watu sita hadi wanane.

Mwalike mtu Jumanne, usingoje Ijumaa, na uanze na aliyehamia mtaani mwezi ule ule kama wewe. Mwambie saa kamili utakayosimama mlangoni kumpokea, maana simu yako itakuwa imezimwa na yeye kengele ya umeme hataibonyeza.

Mzee wenu,
Nairobi