Gia ikigoma, anzeni na klachi

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wenye gari za klachi maana inauma kuona mtu anashushiwa giaboksi bure. Mimi fundi alishaanza kufungua bolti, nikainama nikapapasa juu ya pedali nikakuta majimaji, kumbe ni mafuta ya breki yanavuja kwenye masta silinda ya klachi, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali. Jamani zimeni injini kwanza halafu jaribuni gia, zikiingia laini ila ukiwasha zinagoma, hasa rivasi inakwaruza, basi klachi haikati vizuri, yaani haiachanishi injini na giaboksi, cheki mafuta ya klachi, hewa iliyoingia kwenye mafuta hayo, au kebo ya klachi. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, angalieni nyaya za gia na bushi zake. Na injini ikinguruma gari halivuti, hapo diski ya klachi inateleza.