Gauti sio nyama tu, kitambi nacho kisemwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila gazeti lenu likiandika kuhusu gauti, ule ugonjwa wa viungio kuvimba na kuuma, ushauri ni uleule, acha nyama nyekundu, acha bia, punguza maharage, basi imeisha. Kinachorukwa kila mara ni uzito, yani kitambi, na kwa kweli inaniuma maana watu wanateseka na hakuna anaewaambia.

Baba yangu mdogo ana gauti. Alivoambiwa yuriki asidi, yani ile taka ya kwenye damu inayoleta gauti, iko juu akaacha nyama kabisa, hata supu ya asubuhi na maharage akaacha, ila soda ikabaki palepale, chipsi za usiku nazo, na suruali zinazidi kumbana. Kidole gumba cha mguu kikaendelea kuvimba, yani shuka tu likimgusa analia. Na pale anapotibiwa hawajawahi kumpandisha kwenye mzani!

Hiyo asidi haitoki kwenye nyama peke yake jamani. Nyingi mwili unaitengeneza wenyewe, seli zikichakaa zinavunjwa, ndani yake kuna pyurini ambayo ndo inageuka kuwa yuriki asidi, alafu figo zinatoa kama theluthi mbili kwenye mkojo na inayobaki inapita kwenye utumbo. Sasa mtu akinenepa, hasa tumboni, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inapanda kwenye damu, na insulini ikiwa nyingi figo zinairudisha ile asidi badala ya kuitoa. Kwa hiyo unaacha nyama mwaka mzima na bado kipimo kiko juu. Ikipita kama miligramu 6.8 kwa desilita inaweza kuanza kuganda kwenye viungio, vichembe vyenye ncha kali, hapo ndo maumivu yanaanza.

Marekani watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, majibu yakatoka 2005. Walioongezeka karibu kilo 14 au zaidi tangu wakiwa na miaka 21 hatari yao ya kupata gauti ilikuwa kama mara mbili ya wale ambao uzito wao haukubadilika, na waliopunguza kama kilo 4 na nusu au zaidi hatari ikashuka. Mwaka mmoja kabla, kwa watu haohao, ilionekana nyama na samaki kweli zinaongeza hatari ila maharage na mboga zenye pyurini hapana. Sasa mzee ukimnyima maharage unambakishia nini, wali mweupe na soda? Na soda ndo mbaya zaidi, ile sukari yake ikifika kwenye ini inaongeza asidi hiyohiyo.

Sisemi wembamba hawaugui, wanaugua, wengine ni ya ukoo, wengine figo zimechoka, wengine dawa za presha zile za kukojoza ndo zinapandisha. Na kina mama wakishakoma hedhi asidi inapanda pia, kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa wanaume wa baa.

Ila naomba hili mliandike kwa herufi kubwa, mtu mwenye gauti asijinyime chakula siku nzima nzima eti akate kitambi haraka. Ukishinda njaa mwili unachoma mafuta na kutoa ketoni, hizo zinagombania njia ya kutokea kwenye figo na yuriki asidi, asidi inabaki na kidole kinavimba upya, alafu mtu anaona bora alivokuwa mnene. Ni polepole, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, maji ya kunywa yawepo. Na kama daktari alishakuandikia alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki asidi, usiache kisa umepungua, kupungua kunasaidia ila mara nyingi asidi haishuki sana kiasi cha kuacha dawa.

Huku kwetu ukinenepa unapongezwa, wanasema maisha yamekukubali, kwa hiyo hata daktari anaona aibu kumwambia mzee wa watu tumbo limezidi. Amwambie tu, kwa heshima. Na nyie mkirudia mada hii muulizeni daktari wenu atueleze mtu anaetoka kazini saa mbili usiku na hela ya chipsi mfukoni ale nini badala yake, kwa bei hiyohiyo, maana hapo ndo wengi tunakwama.

Msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro